Kifua cha Dizeli

Ulikuwepo. Usianze kuhangaika na maelezo. Siku walipomnyanyua Chanzi kwenye benchi la kinyozi wakamtupia nyuma ya gari la askari, wewe ulikuwa ng'ambo ya barabara tu, na ghafla ukakumbuka kwamba simu yako ina ujumbe ambao haujasomwa. Ukausoma kwa umakini ambao hata ujumbe wa msiba hujawahi kuupa. Ulipoinua uso benchi lilikuwa tupu, nawe ukavuka barabara ukamwuliza kinyozi kama kuna foleni.

Basi leo utasimuliwa. Hutaki, lakini utasimuliwa, tena toka mwanzo, ili usije ukasema hukuelewa.

Nchi yenyewe jina lake tuliache, wenyewe wanaijua. Ilikuwa na serikali sikivu mno. Kila mtu alijua kuwa ni sikivu kwa sababu ilitangazwa redioni kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari. Ni serikali hiyo hiyo iliyowahi kuamuru watu wapake chokaa mawe yote ya kando ya reli, wakati reli yenyewe ilikuwa bado iko kwenye hotuba. Ni hiyo hiyo iliyotangaza Mwaka wa Kofia, na uliofuata ukawa Mwaka wa Kurudisha Kofia. Watu wa nchi ile husahau upesi, na kusahau kwao huandikwa kwenye ripoti kwa jina la amani.

Sasa, nchi ile ilikuwa na Sheria ya Heshima Barabarani. Ilitungwa enzi za Muasisi, aliyekuwa na gari la dizeli lenye bomba la moshi lililotoboka. Gari lile likianza kupanda kutoka bondeni, watu wa ng'ambo ya pili wanaacha kula. Sheria ilisema kwamba yeyote atakayesikia mngurumo wa gari la kiongozi atasimama, atavua kofia, ataweka mkono kifuani, na atabaki hivyo mpaka vumbi litue.

Wananchi wakawa mabingwa wa masikio. Mama ananyonyesha, anatega sikio, anamwambia mtoto, "Huyo naibu waziri tu, yuko mbali, malizia." Mechi za mpira zilisimama, na mshambuliaji aliyebaki na kipa peke yake aliganda mguu juu. Wagonjwa wodini waliinuliwa na ndugu zao, huyu ameshika kwapa, yule ameshika chupa ya maji ya mshipa. Na siku ya kumzika mzee Ndimbo, gari la waziri lilipopita karibu na makaburi, waombolezaji walitazamana, kisha wakalisimamisha jeneza wima, maana sheria haikutaja kifo kama udhuru. Mzee Ndimbo alitoa heshima zake mpaka vumbi lilipotua, ndipo akaruhusiwa kuzikwa. Waziri alipunga mkono.

Nchi ilikwenda hivyo, na ilikwenda vizuri, mpaka ulipokuja umeme.

*

Usidhani ulikuja majumbani. Umeme wa majumbani ulikuwa na siku zake, kama mnada. Huu ulikuja bungeni, kwa jina la Muswada wa Magari Safi. Wafadhili walikuwa wameahidi kuishika mkono nchi yoyote itakayotangulia kuachana na mafuta, na serikali, ambayo haikuwahi kutangulia popote isipokuwa kwenye foleni ya misaada, ikaamua kutangulia.

Waziri wa Hewa na Upepo, Mheshimiwa Profesa Daktari Mpalasinge, alisimama akakohoa kikohozi cha kisomi.

"Mheshimiwa Spika, dunia inaungua, na inaungua kwa moshi. Moshi huo unatoka kwa nani? Unatoka kwa mwananchi. Ana pikipiki, ana lori la mchanga, ana trekta la kukodi, ana mashine ya kusaga inayotoa moshi saa nane mchana bila aibu. Kuanzia mwezi ujao injini zote za mafuta ni marufuku, isipokuwa za polisi, ambazo moshi wake ni wa usalama. Mwananchi atanunua gari la umeme. Asiyeweza atatembea, ambako nako, Mheshimiwa Spika, ni usafiri safi."

Meza zikapigwa.

Mbunge wa upinzani, Mheshimiwa Tekla Ngasapa, mwanamke aliyeogopwa kwa maswali yake, akauliza umeme wa kuchajia utatoka wapi, wakati jimboni kwake taa ya zahanati na friji ya chanjo zinawashwa kwa zamu.

"Namshukuru kwa swali zuri," alisema Waziri. "Umeme ni suala la mchakato. Magari ni suala la dharura. Hatuwezi kuichelewesha dharura kwa kuusubiri mchakato."

Ngasapa akasema huu ni wizi wa mchana kweupe, na kwamba ataupinga muswada huu mpaka pumzi yake ya mwisho. Waziri hakubishana naye. Alifungua kitabu cha picha alichopewa na wauzaji, akaanza kueleza magari ya viongozi yatakuwaje. Yalikuwa mashangingi ya umeme, marefu kwenda juu kama yaliyojengewa msingi. Kioo cha ndani kilikuwa kipana kama ubao wa darasani. Paa lilikuwa la kioo, ili kiongozi aione mbingu anayoiokoa. Kulikuwa na friji ya kupozea vinywaji katikati ya viti, na viti vyenyewe vilikuwa na kitu cha kupasha makalio joto, kazi ambayo katika nchi ile jua lilikuwa likiifanya bure siku zote.

Mzee mmoja wa viti vya nyuma akauliza kwa nini yasiwe magari madogo, ambayo nayo ni ya umeme na yanakula kidogo.

"Mheshimiwa," alisema Waziri kwa upole, "kiongozi ndani ya gari dogo ni abiria tu. Halafu viti hivi, sijamaliza, vinakanda mgongo."

Ngasapa akainuka polepole.

"Vinakanda kuanzia wapi?"

"Kiunoni mpaka shingoni. Kuna kitufe cha kuzidisha."

"Kwa wabunge wote, au kwa chama tawala?"

"Hewa haina chama, Mheshimiwa."

Ngasapa akakaa. Kisha akasimama tena, akaunga mkono hoja kwa asilimia mia, kwa maslahi mapana ya kizazi kijacho.

*

Wilaya ya Mkole ilipata shangingi lake. Mkuu wa Wilaya, Kapteni mstaafu Sefania Mtunguja, alilipokea kwa matarumbeta. Kulichaji kulihitaji laini ya umeme isiyokatika, na Mkole nzima laini ya namna hiyo ilikuwa moja, ya pampu ya maji. Pampu ikazimwa. Tangazo likabandikwa kwamba pampu imekwenda likizo ya mazingira.

Wanawake wa Mkole wakarudi mtoni na ndoo zao, na mmoja wao alikuwa Nyamizi. Kazi yake ilikuwa kusuka vitanda vya kamba, na mikono yake ilikuwa migumu kwa sababu hiyo. Mumewe, Chanzi, alikuwa ameponda mawe kwenye machimbo ya kokoto mpaka vumbi likamhamia kifuani likajenga. Akipumua unasikia kitu kinakwaruza ndani, kama kiti kinaburutwa kwenye sakafu ya saruji. Kilichomweka hai kilikuwa ile dawa nyeusi ya chupa kutoka zahanati, tangawizi ya kuchemsha, na Nyamizi kumkumbusha. Akiinywa kila siku anapiga soga na kucheka. Akikosa siku chache anabaki kushika kifua na kutazama mlango. Nyamizi hakuwa na ndoto kubwa maishani. Alitaka kile kifua kiendelee kupumua. Binti yao Tunu aliolewa mbali, nyumba ilikuwa na watu wawili, na hakutaka iwe na mmoja.

Siku ile Chanzi alikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Shangingi likapita. Halikutoa sauti yoyote, na gari la askari lililolisindikiza lilikuwa limeachwa mbali nyuma. Ndani yake Kapteni Mtunguja alikuwa ameshauandaa uso wa kuheshimiwa, kidevu juu, macho mbali. Hakuna aliyesimama. Watu walikuwa kwenye bao na ubishi wa mpira. Kapteni akaamuru dereva ageuze. Likapita tena, na mtu mmoja akalikwepa huku akimalizia sentensi yake.

Safari ya tatu Kapteni akasema lipigwe honi. Honi ya gari lile ilitengenezwa na watu wastaarabu wa mbali. Haikulia. Iliimba kidogo, laini, kama kengele ya muuza barafu. Watoto wa Mkole wakamwagika kutoka kila uchochoro na sarafu mikononi, na mmoja akagonga kioo cha Mkuu wa Wilaya akasema, "Shikamoo. Naomba ya ubuyu."

Gari la askari likafika, askari wakashuka. Watu walitimka kila upande. Chanzi alijaribu hatua kadhaa, kifua kikamkatalia, akarudi kukaa kwenye benchi. Na hata angekimbia, mtu mwenye kichwa nusu ajichanganye na nani?

Wewe ulikuwa na ujumbe wako.

*

Nyamizi alifika kituoni na chupa ya chai na chupa ndogo ya dawa. Kaunta alimkuta Afande Mbwilo, mtu mzima mwenye sura ya kuomba radhi na mdomo usioomba.

"Nimemfuata mume wangu, afande. Chanzi. Yule wa kichwa nusu."

"Aa, yule. Kesi yake nzito, mama. Ameukalia ukimya wa serikali."

"Ameukalia nini?"

"Ukimya. Serikali imepita kimya, yeye amekaa."

"Angejuaje kama imepita?"

"Hapo ndipo kosa lake lilipo. Gari likinguruma hata mbuzi atasimama. Huyo mbuzi anasimamishwa na kelele. Sisi tunamtaka raia wa kusimama bila kusikia kitu."

Nyamizi akamtazama. "Wewe ulisikia?"

"Mimi nilikuwa kwenye gari la nyuma yake."

"Ungekuwa kwa kinyozi je?"

Afande Mbwilo akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Ningekuwa huko ndani naye, mama, tunagawana hiyo chai. Ilete basi. Na hiyo dawa ilete, anakohoa, wenzake hawalali."

Habari za kosa jipya zikasambaa, na Mkole ikawa mji wa watu wima. Kwa kuwa hakuna aliyejua serikali inapita saa ngapi, watu walisimama muda wote kwa tahadhari. Wauza nyanya waliuza wima. Wazee walicheza bao wima, wakiinama kuchukua kete na kunyooka upesi. Kinyozi akatupa benchi, akawa ananyoa watu kama anayepaka ukuta rangi. Upepo ukitikisa mti, kofia zinavuliwa.

Ungefikiri viongozi wangefurahi. Hawakufurahi hata kidogo. Kapteni Mtunguja aliandika makao makuu akilalamika kuwa wananchi wake wamesimama hata akiwa amelala, na kwamba heshima anayopewa mtu ambaye hayupo ni dharau kwa mtu aliyepo.

*

Bunge likaitishwa kwa dharura, na kwa mara ya kwanza wabunge wote walikuwa na uchungu wa kweli.

"Mheshimiwa Spika," alisema Ngasapa, ambaye mgongo wake ulikuwa umenyooka siku hizo, "nimepita jimboni kwangu kutwa nzima. Hakuna aliyejua. Nilishuka kuwaambia kwamba nimepita, wakaniuliza nimekuja kwa miguu?"

Minong'ono ya pole ikapita ukumbini.

Mmoja akapendekeza makopo yafungwe nyuma ya gari. Ikaonekana yatachubua rangi. Mwingine akapendekeza vipaza sauti vya kutoa mngurumo wa kurekodiwa. Wataalamu wakasema vitakula chaji, na chaji ikipungua kitu cha kwanza kuzimika ni kiti cha kukanda. "Kiti kisiguswe," lilisema Bunge zima, pande zote mbili. Kurudi kwenye dizeli hakukuwezekana, wafadhili walikuwa na kipimo.

Ndipo Profesa Daktari Mpalasinge aliposimama. "Mheshimiwa Spika, kwa nini tuagize sauti kutoka nje, wakati wananchi wanazo za kwao?"

Hivyo ikazaliwa Sheria ya Mngurumo wa Taifa. Kando ya kila njia ya kiongozi watapangwa wangurumaji, nao watanguruma kwa midomo yao gari linapopita, ili wengine wasikie na kusimama. Waziri atangurumiwa na kubadilishiwa gia. Naibu waziri atangurumiwa bila gia. Wakuu wa idara watapigiwa honi tu, tena ya mdomo mmoja. Wa kwanza kuandikishwa watakuwa mahabusu wa ukimya, kama njia ya kurekebisha tabia. Wafadhili walituma mtu na mashine ya kupimia. Aliishika mbele ya mdomo wa mngurumaji, akakuta hewa ni safi isipokuwa harufu kidogo ya muhogo, akaandika kwamba nchi imebuni ajira za kijani.

Chuo cha ualimu, ambacho kilikuwa kimefungwa kwa kukosa maji, kikafunguliwa kuwa Chuo cha Mngurumo.

*

Mkufunzi Sadalla alikuwa zamani mwalimu wa kwaya, na alikuwa na sikio. Alipanga mahabusu mstari, akawa anapita akisikiliza kila mmoja. Huyu ananguruma kama nyuki. Yule kama mtu anayesukutua. Alipofika kwa Chanzi, kabla hajamwambia chochote, Chanzi akavuta pumzi na kukohoa.

Mkufunzi akasimama pale pale. Akamwambia akohoe tena. Machozi yakamlengalenga.

"Nilikuwa mtoto," aliwaambia waliokuwepo, "nilisimama kando ya barabara Muasisi alipopita. Ni hii sauti. Sikilizeni hilo tundu la bomba. Jamani, hiki si kifua cha mtu. Hiki ni kifua cha dizeli."

Kapteni Mtunguja aliitwa kusikiliza, na alisimama bila kuambiwa. Chanzi akapangiwa Mlima Kibao, pale barabara inapotoka Mkole kwa kupanda, mahali ambapo gari la zamani lingekuwa gia ya kwanza na kiongozi angesikika bonde zima.

Nyamizi alimkuta huko amekaa juu ya jiwe, amevalishwa fulana ya rangi ya serikali, amekonda.

"Nimepandishwa cheo, mama Tunu," alisema Chanzi. "Nimekuwa gari."

"Gari gani linatema damu?"

"La zamani. Hayatengenezwi tena haya."

"Acha mzaha, baba Tunu. Fungua mdomo unywe."

"Nifungue taa pia?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na wenzake waliokuwa wamejilaza kivulini wakaruka wakasimama, mikono vifuani, wakidhani msafara umefika. Nyamizi akawatazama, akamtazama mumewe, akamimina dawa kwenye kijiko. Kikafika katikati ya safari yake kuelekea mdomoni, mkono wa Mkufunzi Sadalla ukakizuia, kwa adabu kabisa.

"Mama, weka chini hiyo chupa."

"Ni dawa ya kifua, mwalimu."

"Ndiyo maana nasema weka chini. Ukishamponya, mlima huu nitampa nani? Hilo kwaruzo unaloliita ugonjwa sasa ni mali ya wilaya."

"Ni la mume wangu."

"Lilikuwa. Hapa tunalitunza. Asubuhi anapepewa vumbi la kokoto kidogo, sauti isilainike." Akaichukua chupa, akaifuta kwa leso yake, akaitia mfukoni. "Hata wewe unapaswa kujivunia. Wake wa mawaziri hawana mume anayesikika hivi."

Kila asubuhi Kapteni Mtunguja alipotoka kwenda popote, na siku hizo alitoka hata kama hana pa kwenda, sauti ilishuka kutoka Mlima Kibao ikaingia uani kwa Nyamizi. Aliijua. Alikuwa amelala kando yake miaka yote ya ndoa. Na sheria ilimtaka asimame, aweke mkono kifuani, aiheshimu mpaka vumbi litue. Siku za mwanzo alisimama akalia. Baadaye alisimama tu. Aliyekuwa akipita njiani aliona mwanamke wima katikati ya kamba zake, anasikiliza, na vumbi lilipotua akaona bora aharakishe.

*

Alikwenda kwa Kapteni mwenyewe. Kapteni alimpokea vizuri, akamkalisha, akamwagizia soda.

"Mama, unajua mumeo anavyopendwa? Mtukufu Rais anakuja Mkole. Amesema katika nchi nzima anataka kuisikia sauti moja tu, ya Muasisi, kwa masikio yake."

"Mheshimiwa, mume wangu atakufa."

Kapteni akashtuka kweli kweli. "Kabla ya ziara?"

"Wakati wowote. Apewe dawa yake, alale nyumbani."

"Baada ya ziara tutakaa tulizungumze. Kunywa soda, mama."

Nyamizi hakuinywa. Alishuka moja kwa moja mtoni, ambako wanawake walikuwa wanachota, na wanaume kadhaa walikuwa wanasukuma pikipiki zao zilizokufa kuzivusha mahali pa kuzificha. Aliweka ndoo chini, akasema nao wote.

"Siku ya ziara msisimame. Msingurume. Kaeni tu, mfunge midomo. Kile kifua wanakitaka kwa sababu kinawainua. Wakiona hakimwinui mtu hawatakuwa na kazi nacho, watamtupa. Wakimtupa mimi namwokota. Sitaki kingine."

Havijawa, jirani yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya harusi, akasema, "Sisi na wewe, shoga. Mji mzima hawawezi kuukamata."

"Na waume zenu?"

"Hao kukaa ndiyo kazi yao."

Watu walicheka. Ilikuwa siku nyingi Mkole haijacheka. Mmoja baada ya mwingine wakaahidi, wengine wakamshika Nyamizi mkono. Wewe nawe ulikuwepo pale, na shati lako unalisuuza. Ulitikisa kichwa kukubali. Aliona. Aliondoka mtoni akiwa amekuhesabu.

*

Siku ya ziara barabara ilimwagiwa maji, yale ya pampu, iliyorudishwa kazini kwa saa moja. Watu walijaa kuanzia darajani mpaka juu ya Mlima Kibao. Nyamizi alikuwa karibu na kona ya mwisho, hatua chache kutoka jiwe la Chanzi, amekaa chini. Kando yake alikaa Havijawa. Nyuma yao walikaa wengi. Kwa muda ilionekana kama mpango utashika.

Kisha kutoka juu ya mlima Chanzi akaanza. Walimweka mbele peke yake, wangurumaji wengine wakanyamazishwa, kusudi Mtukufu amsikie bila kuchanganyiwa. Ilikuwa sauti nzito, yenye tundu, inayokwaruza na kuvuta, na watu wazima walioishi enzi za Muasisi walihisi miguu yao ikifanya jambo bila kuwauliza. Mzee mmoja akainuka. Mwanawe akainuka kumshusha, akabaki juu. Safu ya nyuma ikainuka ili kuona kwa nini safu ya mbele imeinuka. Havijawa akatazama askari, akatazama Nyamizi, akasema, "Nanyoosha mguu tu, shoga," akasimama akaweka mkono kifuani.

Nawe ulisimama. Tena ulikuwa miongoni mwa wa kwanza, usimsingizie mzee wa watu.

Shangingi kubwa kuliko yote lilipanda, jeupe, safi, bila sauti ya kwake. Likakaribia kona. Mkufunzi Sadalla akapandisha mkono kama anayeiongoza kwaya, kuashiria gia ya kwanza, na Chanzi akaivuta pumzi ya gia ya kwanza, ikaingia, haikutoka vizuri. Akapiga magoti. Kisha akalala ubavu katikati ya lami iliyolowa.

Mngurumo ukakatika.

Pakawa kimya kiasi kwamba matairi yalisikika yakikanyaga maji. Watu mia na mia wakaona kwa macho yao kilichokuwa kinapita mbele yao siku zote: bati, vioo, na mtu mmoja anayekandwa mgongo. Kitu kingeweza kutokea pale. Nadhani hata yule mtu ndani alihisi, maana kidevu chake kilishuka.

Lakini mmoja wenu akaogopa. Aliogopa ukimya ule utahesabiwa kuwa ni wake. Akaachia mdomo, akaanza kunguruma kidogo kidogo, kooni, ili kuziba pengo. Wa kando yake akampokea. Havijawa akaingia na sauti yake ya harusi. Ikashuka mlima mpaka darajani, mji mzima unanguruma, na mngurumo wenu ulikuwa mzuri, wa pamoja, wenye gia. Mkufunzi Sadalla aliuongoza kwa mikono miwili, uso umemnawiri.

Nyamizi aliingia barabarani. Hakukimbia. Akakaa kwenye lami, akakivuta kichwa cha mumewe mapajani. Afande Mbwilo, yule wa kaunta, alikwenda kumwondoa, akafika, akasimama pale mikono ikining'inia. Gari nalo likasimama. Halikusimamishwa na dereva. Lina jicho mbele linalolikataza kumgonga mtu, ilikuwa imeandikwa kwenye kitabu cha picha, hakuna aliyeisoma. Dereva anakanyaga, linakataa. Ni mara ya kwanza katika historia ya nchi ile chombo cha serikali kumwona mwananchi kikasimama.

Na hapo ndipo tulipo. Haijaisha, usijipe moyo kwamba nakusimulia ya zamani. Gari liko pale, yeye yuko pale, kanga yake imelowa. Ameinama, sikio lake liko juu ya kile kifua. Anataka kujua kama bado kinakwaruza. Hata kidogo. Hawezi kujua, kwa sababu ya kelele zako. Ameshainua uso mara kadhaa akatuambia, bila ukali, kama mtu anayeomba chumvi, "Naombeni kimya kidogo. Nisikilize." Nanyi mnamwangalia, mnanguruma.

Hakuna aliyekutaka upindue nchi. Hujaombwa damu wala hotuba. Inawezekana amekwisha kufa na utakuwa umechelewa, kama kawaida yako. Lakini huo ni mdomo wako, uko usoni pako, na hakuna askari aliyeushika. Ufunge. Usingoje wa kando yako aanze, naye anakungoja wewe. Nyamaza sasa hivi, huyu mama amsikie mumewe.